Kumvaa Ndahani

Walilia. Nalisema hilo kwanza, maana ndilo walilokuja kulifanya, na walilifanya vizuri sana. Maafisa rasilimali watu wa Kampuni ya Maputo ya Nyika, watu wazima, wenye tai na wigi za bei mbaya, walikaa darasani kwangu wakiwa wamevaa makoti yangu, wakalia kama watoto walioachishwa ziwa asubuhi ile ile.

Bwana Ambakisye, afisa wa mishahara, alijaribu kushika kikombe cha chai. Mkono ukaruka upande, chai yote ikamwishia mapajani.

"Mungu wangu!" akapiga kelele. "Mkono haunisikii! Mama Kihwele, mkono haunisikii!"

"Si wako huo," nikamwambia. "Ni wa Ndahani. Wewe umeazimwa tu."

"Sasa anaishije huyu mtu?"

Mwenye mkono alikuwa chumba cha pili, na alikuwa anaishi vizuri tu. Kupitia kioo nilimwona Ndahani Mlewa amejifunga ukanda wa kiti chake, shingo imevuta kushoto kama kawaida yake, anaongoza kwa mbali puto lililobeba zabibu kuvuka milima ya Rubeho. Juu ya hayo anaimba puani. Ndahani alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mwili wake hautulii na maneno yake yanatoka moja moja. Lakini siku ile hakuwa na shida yoyote duniani zaidi ya mawingu ya upande wa Kilosa.

Koti ni kitu rahisi kueleza na kigumu kuvumilia. Mwenye mwili anavaa fulana yenye nyuzi zinazosoma mishipa ya fahamu. Mwanafunzi anavaa koti, anafunga kofia yake shingoni, na lolote ambalo mwili wa kwanza unahisi, wa pili unalihisi hapo hapo. Misuli inakaza pale inapokaza. Ulimi unakuwa mzito pale unapokuwa mzito. Mawazo hayapiti. Mtu akiniletea upuuzi kwamba ameingia rohoni mwa mwenzake, namwambia aende kanisani.

Utauliza: kwani hawakuweza kumwuliza tu mwenyewe? Hawakuweza. Ilipitishwa sheria, na watu wenye nia njema, Mungu atuepushe nao, kwamba afisa akimwuliza mfanyakazi swali lolote kuhusu ulemavu wake, huyo afisa kazi hana. Sababu ilikuwepo. Zamani maswali yale yalikuwa mlango wa kuwanyimia watu ajira. Basi wakapiga marufuku swali. Baada ya hapo wakajikuta hawajui lolote kuhusu watu wao, wakaanza kutafuta namna ya kujua bila kuuliza. Badala ya kufungua mdomo, wakaona bora waingie mwilini mwa mtu. Hiyo wakaiita heshima, na mimi wakanilipa mshahara niwafundishe.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Bi Eutropia, mkuu wao. Mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti ya kuliwaza wafiwa. Alipovua koti aliketi akijipangusa macho kwa kitambaa cheupe, wenzake wakamzunguka kumpa pole. Pole ya nini, sijui. Mwenye mwili hakupewa.

"Dada Sekunda," akaniambia, "kumbe siku zote tumekuwa tunamtesa yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Ndahani."

"Ndahani ana mke na ndevu, bibi."

Hakunisikia. Watu wa aina ile wakishaanza kusikia uchungu, masikio yanaziba. "Nimemvaa," akasema. "Najua anachopitia. Haiwezekani binadamu afanye kazi ndani ya mwili ule. Kuanzia wiki ijayo apumzike. Tutampeleka Chumba cha Heshima."

Wote wakaitikia kwa kichwa, machozi bado yanawachuruzika, na Bwana Ambakisye akapiga makofi.

Chumba cha Heshima kiko ghorofa ya chini, karibu na mapokezi ili wageni wakione. Kina zulia, makochi, birika la chai lisilopoa, na televisheni kubwa. Wafanyakazi wenye ulemavu waliovaliwa na kuhurumiwa wanawekwa mle, mshahara kamili, kazi yao kukaa. Mle alikuwemo mhasibu asiyesikia aliyekuwa akimkamata mwizi wa mafuta kabla mwizi hajafunga dumu lake. Siku hizi anafuma vitambaa vya meza. Wapiga picha wanakuja wakati wa maadhimisho, watu wanaambiwa watabasamu. Hajatokea hata mmoja aliyerudi kazini kutoka mle. Mimi mwenyewe mguu wangu wa kulia ni wa bandia, wa kwanza niliuacha chini ya puto lililoanguka, na nisingekuwa mkufunzi wa makoti ningekuwa nafuma.

Nilimkuta Ndahani kantini, mbele ya ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Mimi Mhehe, yeye Mgogo, kwa hiyo ni watani, na utani hauna likizo.

"Kula taratibu," nikamwambia. "Ule utelezi ukiingia kwenye mitambo, zabibu za watu zitaanguka Gairo."

Akainua kichwa. Maneno ya Ndahani nitayaandika moja kwa moja, lakini jueni kwamba sentensi yake moja inamtosha mtu kumenya chungwa. "Mtani," akasema, "tangu uajiriwe hapa, mbona mbwa wa walinzi hawaonekani?"

"Walikuwa wamekonda, hawakunoga."

Akacheka mpaka kijiko kikaruka. Nikakiokota, nikakipangusa, nikamrudishia. Halafu nikamwambia. Sikuzunguka, sikutia sukari. Wamekuvaa, wamelia, wanakupeleka ghorofa ya chini.

Aliacha kula. "Lakini mimi nilikuwa sawa," akasema. "Upepo ulikuwa mzuri. Nilikuwa naimba."

"Wao hawakuvaa upepo. Walivaa mkono."

"Mimi si wa kukaa, mtani. Mwili huu nikiukalisha, unakaza. Mwaka mmoja kwenye kochi sitaweza hata kujilisha." Akatafuta neno lililofuata, likaja. "Na kule juu ndiko ninakojisikia mtu. Nikishushwa kule, mke wangu atarudishiwa nani nyumbani?"

Nilisikia hasira inanipanda kutoka kwenye mguu nisio nao. Mtu huyu Agosti iliyopita alivusha puto kwenye upepo ambao waongozaji wenye mikono iliyotulia waliukimbia, wakashusha yao chini wakangoja. Leo afisa wa mishahara amemwaga chai, basi yamekwisha.

"Niachie mimi," nikasema, nikainuka.

Kosa lao nililijua, maana liko kwenye koti. Koti lina swichi mbili. Moja imeandikwa Hisia, nyingine Mazoea. Hisia ni mwili wenyewe unavyojisikia. Mazoea ni yale ambayo mwili umejifunza kwa miaka: wapi pa kuegemea, wakati gani wa kungoja, namna ya kuutegea mkono mtoro na kuudaka unaporudi. Kanuni za kozi zinaagiza Mazoea izimwe. Sababu rasmi ni ya kitaalamu na ndefu. Sababu ya kweli ni kwamba Mazoea ikiwashwa watu hawalii, na wasipolia wanaona hawajafundishwa.

Kwa hiyo walichokivaa si maisha ya Ndahani. Walivaa asubuhi ya kwanza ya mwili wasioujua, tena asubuhi ambayo Ndahani mwenyewe hakuwahi kuwa nayo, maana yeye alikua nao kidogo kidogo tangu anyonye.

Nikawaita tena. Nikasema ni zoezi la marudio, wakaja na vitambaa vyao mfukoni tayari. Nikawasha Mazoea mpaka mwisho.

Jamani! Laiti mngewaona. Bwana Ambakisye akanyoosha mkono kwenye kikombe. Mkono ukaruka, lakini mwili ulishajua kwamba utaruka, ukausubiri upande ule, kikombe kikafika mdomoni bila tone kudondoka. Akanywa. Akatazama kikombe. Akanywa tena, akaanza kucheka. Mwingine akajaribu usukani wa mfano niliowawekea, akalivusha puto la kwenye kioo mlima mmoja, wa pili, wa tatu. Darasa likawa kama uwanja wa mpira. Hakuna aliyetoa kitambaa, nami nikajisifu moyoni kwamba nimemaliza kazi. Mjinga mimi.

"Mbona rahisi!" akasema Ambakisye.

"Ndiyo," nikasema. "Anaiweza."

"Anaiweza kabisa! Sasa ule ukanda wa nini? Na ile redio maalumu? Na kupumzika kila saa?" Akamgeukia mkuu wake. "Mheshimiwa, tumedanganywa. Huyu jamaa anadekezwa."

Bi Eutropia alikuwa amekunja uso. Mtu aliyemlilia mwenzake halafu akaambiwa hakukuwa na msiba, anajiona ameibiwa. "Kweli," akasema polepole. "Nimemvaa. Sikuona ugumu wowote. Waongozaji wengine wanalalamika kwamba anapendelewa, na mimi nilikuwa nawanyamazisha."

"Ebo!" nikasema. "Huo urahisi mliouona umetengenezwa na huo ukanda! Mwili umejifunza ukiwa umefungwa. Mkiufungua, mnamrudisha alipoanza. Na redio mnajua kazi yake?"

Hawakujua. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Puto linaongozwa kwa usukani na kwa sauti. Redio ya kawaida, ukinyamaza kidogo, inajua umemaliza, inatii. Ya Ndahani inasubiri mpaka amalize. Sasa chukua siku ya ukungu, mlima uko mbele, Ndahani anataka kusema "panda mita mia tano". Anasema "panda mita mia", anatafuta pumzi. Redio ya kawaida inapanda mita mia na kutulia. Mlima hauhami. Chini yake kuna vijiji.

"Mama Kihwele," akasema Bi Eutropia kwa upole ule ule wa msibani, "sisi tumemvaa. Tunajua."

Siku hiyo nilijifunza kwamba neno "tunajua" linaweza kumtia mtu kichefuchefu. Siku moja Ndahani alikuwa maiti, siku ya pili akawa mdanganyifu, na katikati yake hakuna aliyemsalimia. Nilikuwa nimemtoa kwenye zulia nikamweka kwenye mlima. Huruma yao ingemkalisha, pongezi zao zingemwua, na swichi zote mbili nilikuwa nimezishika mimi.

Nilijaribu kati na kati. Nililivaa koti mwenyewe, Hisia nusu, Mazoea nusu, nikatembea nalo korido nzima. Haikuwa Ndahani, haikuwa mtu yeyote. Ilikuwa kama uji uliotiwa chumvi na sukari kwa pamoja. Nikalivua.

Ukaitishwa mkutano wa uamuzi. Mezani kulikuwa na mambo mawili tu: ama Ndahani aende Chumba cha Heshima, ama abaki kwenye maputo bila ukanda, bila redio, bila mapumziko, "sawa na wenzake wote". Bi Eutropia akatangaza kwamba atamvaa mara ya mwisho mbele ya kamati nzima, halafu ataamua kama moyo utakavyomtuma. Kamati ikaona ni jambo la kishujaa. Mimi nikaagizwa niandae koti.

Nilikaa na lile koti mapajani muda mrefu. Hisia, wanamkalisha. Mazoea, wanamwangusha. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila fundi wa makoti analijua na hakuna afisa aliyewahi kulifikiria: nyuzi ni nyuzi. Fulana ina za kusoma na za kuandika, na koti vilevile, ili fundi aweze kuzijaribu pande zote. Nyuzi hazijui nani bosi. Ukigeuza kiungo kimoja mgongoni, aliyevaa koti ndiye anayevaliwa.

Ilikuwa wizi, na nilijua ni wizi. Sheria inasema mtu havaliwi bila ridhaa yake, na hiyo ni sheria moja ambayo hata mimi naiheshimu. Mwili wa mtu ni wa mtu, hata ukiwa wa Eutropia. Nimewavalisha watu miili ya wengine miaka mingi, kila mwenye mwili alikubali, ingawa kukubali kwenyewe kulikuwa kwa "ukikataa basi nenda nyumbani". Nikajiambia: yeye anaingia kwa watu bila hodi, leo aingiliwe. Nikajiambia pia kwamba kamati ikiambiwa kilichomo ndani ya yale machozi, haitamsikiliza tena. Nilijiambia mengi. Nikageuza kiungo.

Ukumbi ulijaa. Ndahani alikaa upande mmoja wa meza na fulana yake, Bi Eutropia upande wa pili na koti. Katikati maji ya chupa na maua ya plastiki.

"Hujambo, mwanangu," akamwambia Ndahani, ambaye ana ndevu. "Usiogope. Leo nakubeba."

Ndahani akanitazama. Nikawasha.

Nilimwona akishtuka. Macho yalimtoka, akatazama miguu yake kana kwamba amevalishwa viatu vya mtu. Akaweka mkono tumboni. Halafu akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, akamtazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuielewa.

Bi Eutropia alikuwa amefumba macho. "Eeh," akasema taratibu. "Anakuja. Namsikia." Mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka juu ya meza. Kidogo kwanza, halafu sana. Shingo yake ikavuta upande, upande wa kulia, wakati ya Ndahani inavuta kushoto. "Ulimi... mzito..." Chozi likamtoka. Chozi la kweli kabisa, la maji na chumvi, likateremka mpaka kidevuni, mzee mmoja wa kamati akatoa leso kwa kuguswa. "Jamani, yule aliyesema ni rahisi... hapana. Hapana! Huyu mtu ni mfungwa humu ndani. Moyo wangu umeamua. Apumzike. Chumba cha Heshima."

Walianza kupiga makofi.

"Bi Eutropia," nikasema, "mkono unaotetemeka ni upi?"

"Wa kulia, dada. Huoni?"

"Nauona. Ni wako. Koti nimeligeuza tangu mwanzo. Hakuna kitu hata kimoja kilichokujia kutoka kwa Ndahani. Shingo ni yako, ulimi ni wako, na machozi umejikamulia mwenyewe."

Makofi yakafa moja moja. Mkono wake ukaendelea kutetemeka kidogo, maana haukuwa umepata habari, halafu ukatulia kabisa juu ya meza, mkono mzuri wenye pete. Bwana Ambakisye alikohoa. Mtu wa nyuma akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

"Ulikuwa unalia nini?" nikamwuliza. Niliuliza kwa raha, sifichi. Nilikuwa nimengoja miaka kumwuliza mmoja wao swali hilo.

Akalivua koti kwa haraka. Nikamalizia. "Na kama unataka kujua koti lilikuwa linafanya kazi gani, huyu hapa ndiye aliyekuvaa wewe. Tangu uliposema hujambo."

Loo! Hapo ndipo damu ilipomshuka usoni. Alilikumbatia lile koti kifuani kama mtu aliyefumwa anaoga. Kila kichwa kikamgeukia Ndahani. Ndahani alikuwa anajua. Kama mwili ule ulimhurumia, kama ulimdharau, kama haukusikia chochote zaidi ya njaa na kubanwa na viatu, yeye alikuwa anajua, na neno lake moja lingemmaliza mwanamke yule hapo hapo.

"Sema, mtani," nikamwambia. "Waambie kuna nini mle ndani."

Ndahani akafungua mdomo. Kamati ikangoja. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza katika jengo lile watu wengi namna ile kungoja sentensi ya Ndahani. Ilikuja polepole, na ilipotoka ilikuwa fupi.

"Sisemi."

"Mtani!"

"Sisemi," akarudia. "Mwili ni wake. Hakunipa."

Nilitamani kumtikisa. Ushindi wote uko mkononi mwake, anauweka mezani kando ya maua ya plastiki! Akaanza kuvuta fulana ili aivue, vidole vikamkatalia, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Bi Eutropia alisimama. Sauti ya msibani ilikuwa imemwisha. Aliyobaki nayo ilikuwa nyembamba, ya mtu wa kawaida. "Ndahani Mlewa abaki alipo," akasema. "Na ukanda. Na redio. Na mapumziko. Kila kitu kama kilivyo. Mama Kihwele, wewe kesho usije." Akatoka haraka, bado amelikumbatia koti langu, na viatu vyake kweli vilikuwa vinambana, hilo hata mimi niliweza kuliona.

Kazi imekwenda, lakini nilikuwa nimejaa furaha kama mtungi. Nilipitia chumba cha maputo kuchukua fimbo yangu na kupewa shukrani. Ndahani alikuwa amesharudi kitini, amejifunga ukanda, shehena nyingine ya zabibu iko hewani.

"Umebaki, mtani!" nikasema. "Mlenda wote wa Dodoma hauwezi kunilipa."

Hakugeuka.

"Alikuwa na nini ndani?" nikauliza. "Niambie mimi tu. Nimeshafukuzwa, nitamwambia nani?"

"Nimeshasema sisemi."

"Haya. Lakini ulimwona anavyotetemeka? Sasa hatakugusa tena maisha yake yote."

"Ananiogopa," akasema Ndahani.

"Bora kuogopwa kuliko kuhurumiwa."

Redio yake ilikuwa kimya, inasubiri, maana haikujua kama anasema na mimi au na puto. "Mwanzo walinihurumia," akasema. "Halafu wakanishangilia. Sasa wananiogopa. Mtani, siku akiacha kuniogopa, nitakuwa nani? Bado hajui nahitaji ukanda kwa nini. Hajauliza."

"Sheria inamkataza, si unajua. Ni watu wajinga."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe hakuna sheria inayokukataza. Ni mtani wangu." Akapumua, akakusanya. "Uliwasha Mazoea, hukuniuliza. Wakataka kuninyang'anya redio. Leo umenivisha mwanamke mzima, hukuniuliza. Nimesikia ndani ya mwili wa mtu mambo ambayo mumewe pengine hayajui. Nitakutana naye kwenye lifti kesho. Wewe hutakuwepo."

"Nimekuokoa!" nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Na yeye alitaka kuniokoa."

Nilisimama pale na fimbo yangu. Nina ulimi, kila mtu katika jengo lile atakwambia nina ulimi. Siku hiyo nilichokipata ni aibu, ya moto, mpaka masikioni. Nikavuta kiti cha jirani, nikakaa mahali anaponiona bila kugeuza shingo.

"Haya, Ndahani," nikasema. "Nakuuliza. Unataka nini?"

Akaanza. Neno la kwanza likakwama, akalirudia. Mara mbili nilitaka kummalizia, nikajiuma ulimi. Nje ya kioo, mbali, puto lilikuwa linaukaribia mlima, na yeye mkono wake mmoja uko kwenye usukani, unaruka na kurudi, unaruka na kurudi.

"Nataka," akasema, "utoke. Nina kazi."

Nikainuka, nikarudisha kiti cha watu mahali pake, nikatoka.